Simu Iliyotaka Jina la Mkwe

"Mpigie Mbaruku," alisema Prisila kwa mara ya nne, polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu. "Unaminya, unasubiri mlio, halafu unasema: mpigie Mbaruku. Basi, mama."

Hajra akakiminya kile kidude. Mlio ukalia. Hajra akanyamaza.

Watu waliokuwa wakingoja zamu zao kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji, hapo Chinongwe, wakanyamaza pamoja naye. Kidude chenyewe kilikuwa cheusi, cha mpira, kinachojaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya mche, hakina kioo wala vitufe. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kinakifanyia utafiti, na Prisila ndiye aliyetumwa nacho: simu ya watu ambao macho yao au vidole vyao havielewani na simu za kawaida. Hajra alikuwa na sifa zote mbili. Macho yalikuwa yameharibiwa na presha ya macho, yakamwachia mwanga na vivuli tu. Vidole vilikuwa vimeungua kwa mafuta ya maganda, miaka ishirini na mbili ya kubangua korosho kwa mkono, na siku ya kutia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali utafiti aliacha doa la wino lisilo na mstari hata mmoja. Prisila alilitazama doa lile akasema haidhuru.

"Mpigie..." Hajra alianza. "Mpigie mume wa Sikuzani."

"Samahani," simu ikajibu kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu zote za mjini. "Jina hilo halipo."

Benchi la nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Siyo mume wa nani, mama. Jina lake. Una majina matatu tu: Sikuzani, Zahanati na Mbaruku. Mawili umeyasema vizuri kabisa. Hili la tatu linakutoka?"

Halikuwa limemtoka. Siku ya kuandikishwa, Hajra alisema, "Mwandike mume wa mwanangu," Prisila akauliza anaitwa nani, na jirani yake Mwantumu akajibu kwa niaba yake, kwa nia njema kabisa, asifikirie kwamba mashine ingekuja kumtaka mwenye simu alitamke kwa kinywa chake. Tangu binti yake aolewe, miaka sita sasa, Hajra hakuwahi kulitamka jina la mkwewe, hata akiwa peke yake shambani. Hakula naye, hakukaa naye jamvi moja, hakusimama naye uso kwa uso. Mama yake mwenyewe aliishi hivyo na mkwe wake, baba yake Sikuzani, mpaka anazikwa. Kila aliyekaa kwenye mabenchi yale alilijua hilo, na kila mmoja alidhani mwenzake atamweleza huyu dada msomi. Hakuna aliyemweleza. Mambo ya ukwe hayajadiliwi ofisini mbele ya bendera na mhuri.

Prisila akaandika kwenye daftari lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na maji ya chupa kwa kila mtu, na aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, tena kwa kupiga goti kidogo. Akaushika mkono wa Hajra, akamwambia kwa sauti ya upole iliyosikika hadi mlangoni, "Usijisikie vibaya, mama. Ni umri tu. Kumbukumbu zinapungua."

Hajra alikuwa na miaka hamsini na sita. Angeweza kumtajia majina ya wanawake wote arobaini aliobangua nao, mmoja mmoja, na ya watoto wao. Alisikia uso unamchemka, akavuta upande wa kanga mpaka mdomoni.

"Alhamisi nitarudi kwa jaribio la pili," Prisila aliwatangazia wote. "Jamani niwe mkweli. Simu ziko chache, na wapo saba wanaosubiri. Atakayeshindwa mara mbili itabidi tumpe mwingine."

*

Nyumbani Sikuzani alipoambiwa alicheka hadi akalishika tumbo lake. Tumbo lilikuwa la miezi saba na nusu.

"Mama na wewe! Si useme tu? Mashine haina ukwe."

"Mashine haina. Mimi ninao."

"Basi waambie wabadilishe."

"Nimemtuma Mwantumu akamuulize. Kasema majina yamefungwa hukohuko Dar, hayaguswi mpaka utafiti uishe."

Sikuzani akaacha kucheka. Akarudi kupepeta ufuta wake kwenye ungo. Wote wawili walijua kwa nini simu ile ilikuwa na uzito. Mimba mbili zilikwisha kutoka, zote mchana, zote watu wakiwa mashambani. Ya pili Sikuzani alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na Hajra, ambaye wakati huo macho ndiyo yalikuwa yanaaga, alitoka kwenda kutafuta watu akapotea kwenye mikorosho ya jirani, akazunguka humo huku akiita. Alipopatikana mtu, mtoto hakuwepo tena. Hakuna aliyewahi kumlaumu Hajra kwa siku ile. Alijilaumu mwenyewe, bila kumwambia mtu, kila alipolisikia tumbo la binti yake linapita karibu.

Sikuzani alikuwa na simu yake, ya kioo, lakini umeme wa sola ulikuwa umewashinda tangu betri ife, na simu ililala dukani kuchajiwa siku mbili kwa siku moja ya kuitumia. Mumewe alikuwa na pikipiki, akibeba abiria na magunia kutwa nzima. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa na mwanamke mwenye mimba, mwanamke asiyeona, na kidude cha mpira kinachosikiliza sauti ya Hajra peke yake. Mtu mwingine akikiminya na kusema, hakijibu. Ndivyo kilivyofundishwa, kisije kikaibwa.

"Alhamisi wakikichukua," alisema Sikuzani, "tutabaki mimi na wewe na kuku."

Nje pikipiki ilizimwa, kisha mtu akakohoa mara mbili. Mbaruku hukohoa hivyo kila anapoingia uani, ili mkwewe apate nafasi ya kuondoka au kugeuka. Zamani Hajra alimwona kabla hajakohoa. Sasa kikohozi ndicho kilichobaki, na kijana yule hakukisahau hata siku alizorudi na malaria. Alitoka kwao Narung'ombe akaja kujenga ukweni, kama wanaume wa huku wengi wanavyofanya, na hakuna aliyesikia akilalamika juu ya zile hatua za ziada anazozunguka nyuma ya jiko. Hajra alimpenda kwa hilo. Wala hilo hakuwahi kulisema.

Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Akasikia Sikuzani anamsimulia mumewe kisa cha simu. Baadaye akamsikia Mbaruku anawaambia kuku, kwa sauti kubwa kuliko kuku wanavyohitaji, "Nyie kuku, mtu akiwa na shida aseme tu. Mimi sina kinyongo na mtu."

Ilikuwa ruhusa. Hajra alikaa kitandani akaigeuzageuza ile ruhusa kichwani, akaona haimfikishi popote. Heshima hii haikuwa mali ya Mbaruku peke yake hata aigawe.

*

Jumatano, jua likiwa limepanda lakini halijachoma, Sikuzani aliita kutoka jikoni. Aliita mara moja, kwa sauti ndogo, na Hajra akajua.

Alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani. Alimpapasa usoni, akashuka begani, akafika kwenye nguo. Ilikuwa imelowa.

"Maji au damu?"

"Vyote, mama. Usitoke. Nakuomba usitoke."

Hajra hakutoka. Alisimama mlangoni akapiga yowe kuelekea kwa Mwantumu, akangoja, akapiga tena. Kijiji chote kilikuwa kwenye ufuta. Alisikia njiwa, na redio iliyosahauliwa inaimba nyumbani kwa mtu. Simu ya Sikuzani ilikuwa dukani. Akafungua pindo la kanga, akakitoa kidude, akakiminya.

"Mpigie Zahanati."

Nesi Goreti aliyepokea alikuwa mtu wa maneno machache. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu Ruangwa, akasema, ataliita ligeuze moja kwa moja. Lakini mgonjwa aletwe zahanati sasa hivi, asisubirishwe huko bondeni ambako gari halifiki. "Mkwe wako si ana pikipiki? Mpigie. Mimi namba yake sina."

Simu ikakatika. Hajra akakiminya tena.

"Mpigie mume wa Sikuzani."

"Samahani. Jina hilo halipo."

"Mpigie kijana wa Narung'ombe."

"Samahani. Jina hilo halipo."

"Mpigie mwenye pikipiki. Mpigie mwanangu. Mpigie yule, wewe si unamjua!"

"Samahani," alisema yule mwanamke wa mjini, asiyechoka wala kukasirika. "Sijakuelewa. Tafadhali sema jina."

"Nipe mimi," Sikuzani alinyoosha mkono. "Nipe niseme."

Akapewa, akaminya, akalisema jina la mumewe kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Kidude kikakaa kimya, kama hakuna aliyezungumza. Sikuzani akaanza kulia, si kwa maumivu, kwa hasira. Mkono wake uliorudisha simu ulikuwa wa baridi, na baridi ile ndiyo iliyomtisha Hajra kuliko damu.

Hajra akageuka, akaupa uso ukuta. Hakuona ukuta wala chochote, lakini akageuka. Akajifunika kanga hadi kwenye nyusi. Alimwomba radhi mama yake aliyelala kaburini. Akaminya.

"Mpigie Mbaruku," akasema.

Lilitoka jepesi. Hicho ndicho kilichomshangaza baadaye, jinsi lilivyotoka jepesi.

"Haloo," ikasema sauti ya mkwewe, upepo wa barabarani ukivuma nyuma yake. "Haloo? Nani mwenzangu?"

Namba haikuwa ngeni kwake, ila alipokea bila kuitazama. Hajra akasikia injini inazimwa.

"Ni mama?"

"Njoo," alisema Hajra. "Njoo, baba. Anaumwa."

*

Hakukohoa siku hiyo. Aliingia na pikipiki mpaka mlangoni mwa jiko, akamwinua mkewe, akamkalisha nyuma yake kwenye kiti. Sikuzani akayumba upande, akadakwa. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kukaa nyuma kumshikilia. Asiyeona huwezi kumpandisha juu ya pikipiki na kumwambia amshikilie mtu kwenye mteremko ule.

"Tumfunge," alisema Hajra.

Akavua kanga yake ya juu. Akaizungusha mgongoni kwa binti yake, chini ya makwapa, na ncha mbili akazileta mbele. Mbele kulikuwa na kifua cha Mbaruku. Mbaruku alitazama juu, kwenye paa la jiko, akashika usukani kwa mikono miwili asipumue. Vidole vya Hajra vilivyokufa ganzi kwa maganda ya korosho vikafunga fundo moja, vikalijaribu, vikafunga la pili. Alilisikia koti la mvua la mkwewe, kisha moyo wake chini ya koti unavyokimbia.

"Limekaza?" aliuliza.

"Limekaza, mama."

"Nenda."

Pikipiki ikaondoka taratibu. Hajra akabaki uani na gauni tupu, kichwa wazi, akiisikiliza mpaka ilipopanda kilima cha zahanati. Kisha akaenda kutafuta ndoo na tambara, akapiga magoti jikoni, akaanza kuosha sakafu kwa kupapasa. Jioni Mwantumu aliporudi kutoka shambani alimkuta bado anaiosha sehemu ileile.

*

Alhamisi Hajra alienda ofisini kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyumba ilikuwa kimya mno. Ya pili, alitaka kuirudisha simu. Alikwisha kupokea habari kupitia kwa nesi Goreti: gari lilimfikisha Sikuzani hospitali ya Nachingwea, na kabla ya magharibi alijifungua mtoto wa kike, mdogo sana, anapumua. Wamemfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto. Daktari hakuahidi kitu. Alisema waziangalie siku zinazokuja.

Mwantumu alimwongoza mpaka benchi la mbele. Kwenye mlango, mtu alikohoa mara mbili. Hajra akageuza uso upande wa pili. Mbaruku alikuwa amerudi alfajiri kuchukua kanga na vyombo, na gari la kumrudisha Nachingwea lingepita hapo barabarani.

Prisila alikuwa na kompyuta yake mapajani na uso wote unacheka.

"Mama Hajra! Wewe ndiye mwalimu wetu leo. Jaribio la pili wala hulihitaji, jana umelifanya mwenyewe nyumbani. Sikilizeni wote, sikilizeni jinsi mtumiaji anavyojifunza."

Wala hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba karatasi ile ya dole gumba iliiruhusu simu kurekodi kila neno na kulituma kwenye kompyuta. Kompyuta ikafunguliwa sauti, na jiko la Hajra likaingia ofisini mwa kijiji. *Mpigie mume wa Sikuzani. Mpigie kijana wa Narung'ombe. Mpigie mwenye pikipiki. Mpigie mwanangu.* Nyuma ya maneno Sikuzani alikuwa anaguna. Ilikuja sauti yake analitaja jina akilia. Kisha kimya. Kisha, safi, bila kutetemeka:

*Mpigie Mbaruku.*

"Hapo!" Prisila akapiga makofi.

Alipiga makofi peke yake. Wazee walikuwa wanatazama sakafu. Mwanamke mmoja alijifunika uso kana kwamba jina lile amelisema yeye. Kule mlangoni Mbaruku alisimama na furushi la kanga mkononi, hajui atoke au akae, maana kutoka kungekuwa aibu ya pili. Hajra aliketi ameinama. Jambo alilolifanya akiwa ameupa uso ukuta lilikuwa limechezwa mbele ya watu thelathini, na hakuwa na macho ya kumwonyesha nani alimtazama na nani alimwonea huruma.

Makofi ya Prisila yakaisha katikati. "Nimekosea nini?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwantumu ndiye aliyesimama. "Mwanangu, huyo ni mkwewe. Sisi mkwe hatumtaji. Wiki iliyopita hakusahau kitu. Alikuwa anajizuia. Na mimi ndiye niliyekupa jina lile, kwa hiyo kosa tugawane."

Prisila akafunga kompyuta. Alifungua daftari lake, akautafuta ule mstari wa wiki iliyopita, akaukata kwa kalamu, akaukata tena. Akainuka, akaja kupiga magoti mbele ya Hajra kwenye sakafu ile ya vumbi. "Nisamehe, mama. Nilikuandika vibaya. Na hii sauti naifuta, mbele yako."

"Ifute," alisema Hajra. Akafungua pindo la kanga. "Na hiki chukua. Mpe mwingine."

"Lakini umefaulu! Mama, bila hiki jana..."

"Najua jana. Ndiyo maana narudisha. Mtoto yule akija nyumbani, akiishi, nitahitaji kupiga tena na tena. Siwezi kuwa natamka kila siku."

"Basi jina nalibadilisha. Kufunga majina ni utaratibu wetu tu. Nitawapigia Dar sasa hivi, wakikataa nitawaandikia kwamba jaribio lilikuwa baya, siyo mama." Tayari alikuwa ameshika kalamu. "Niambie wewe mwenyewe. Kwa kawaida mkwe mnamwitaje?"

"Tunamwita kwa mwanawe," Mwantumu alisema. "Baba fulani." Akasita. "Ila mtoto ni wa jana. Hana jina bado."

Watu wakaelewa, hata Prisila akaelewa kwamba kuna kitu. Jina hupewa mtoto siku ya saba. Katika nyumba hii, baada ya zile mimba mbili, hakuna aliyethubutu kulifikiria, wala kununua nguo, wala kusema "akikua". Mbaruku mwenyewe njia nzima kutoka Nachingwea alikuwa anasema "mgonjwa", hasemi "mwanangu". Walikuwa wanajificha wasionekane wanatumaini.

"Tunaweza kusubiri hizo siku," Prisila alisema. "Kama ni mapema."

Hajra alikaa na kidude kiganjani. Alikuwa anafikiria mkono wa baridi wa Sikuzani, na moyo uliokimbia chini ya koti la mvua. Bibi mzaa mama ana haki ya kutoa jina, huku kwao hilo halina ubishi. Siku ya saba ilikuwa mbali. Jana alikwisha kuvuka mpaka mkubwa kuliko huu, na binti yake yuko hai.

"Andika Baba Zaitun," alisema.

Kalamu ya Prisila ilisimama. "Zaitun ndiyo...?"

"Ndiyo jina lake. Nimempa mimi. Yuko Nachingwea kifuani kwa mama yake, anaitwa Zaitun."

Mlangoni furushi la kanga likaanguka. Mbaruku aliinama kuliokota, akabaki ameinama muda mrefu kuliko kuokota kunavyohitaji. Hakuna aliyemtazama. Huko barabarani gari likapiga honi, na yeye hakwenda.

Prisila alizungumza na Dar kwa dakika chache, akabishana, akapandisha sauti mara moja. Kisha akarudi, akafuta jina moja kwenye kompyuta, akaandika jingine.

"Sasa lazima ijifunze kulisikia kutoka kwako, mama. Useme mara tatu. Minya, subiri mlio, sema."

Hajra akaminya.

"Baba Zaitun," alisema. Akaminya tena. "Baba Zaitun." Mara ya tatu aliinua uso na kuugeuza pale mlangoni alipokuwa anamsikia mkwewe anapumua, akalisema kwa nguvu, kama anamwita aje kula. "Baba Zaitun!"

"Labeka, mama," akajibu Mbaruku.